Laptopu iliyovuma Juni nzima: huduma ya kusafisha feni niliyoipata Mwanjelwa

Nina steshenari ndogo Uyole, hapa Mbeya, karibu na pale barabara ya Tukuyu inapoachana na barabara kuu ya Zambia. Nachapa barua, napiga picha za pasipoti, najazia watu fomu za mikopo na za ajira mtandaoni. Laptopu yangu ni ya mtumba, niko nayo mwaka wa nne sasa, na ndiyo inayolipa kodi ya fremu.

Mwezi wa tano ilianza kuvuma. Mwanzoni ilikuwa dakika chache tu nikifungua picha nyingi kwa pamoja. Ilipofika Juni ikawa inavuma kuanzia nawasha mpaka nazima, sauti inapanda na kushuka kama mashine ya kusaga inapoongezewa mahindi. Wateja wakawa wananiuliza, "Dada, hiyo kompyuta inaumwa?" Kilichonichanganya zaidi ni msimu wenyewe. Juni ya Mbeya tunaijua: asubuhi nachapa nimevaa kofia ya uzi na soksi mbili, vidole vimekufa ganzi. Joto linatoka wapi?

Kabla ya kufika kwa fundi wa Mwanjelwa nilipoteza hela mara mbili, naeleza ili mwingine asipite huko. Kwanza nilinunua stendi ya kuwekea laptopu, ile yenye feni mbili chini, shilingi 35,000. Haikubadilisha kitu. Inapuliza hewa kwenye tumbo la kompyuta, lakini kama njia ya hewa imeziba ndani, hewa hiyo haina pa kupita. Kisha fundi mmoja alinipulizia na blowa kwa nje bila kufungua skrubu hata moja, shilingi 5,000. Siku mbili ikatulia, ya tatu ikarudi palepale. Nilipomrudia akaniambia feni imekufa, nitoe 60,000 aweke nyingine. Feni inayozunguka kwa nguvu namna ile imekufaje? Nikaondoka.

Fundi wa Mwanjelwa nilielekezwa na mteja. Ni kijana, ana meza moja na taa. Kilichonifanya nimwamini ni kwamba alipima kabla ya kugusa bisibisi. Alifungua programu ya kuonyesha joto la prosesa, ile chipu inayofanya kazi zote za kompyuta: nyuzi 71 na hakuna kazi yoyote inayoendelea. Akaipa kazi nzito, ikapanda hadi 97, na hapohapo kasi ya prosesa ikashuka. Akaniambia, "Unaona mama, inajipunguza yenyewe isiungue." Prosesa nyingi za laptopu zimewekewa kikomo cha karibu nyuzi 100, zikikaribia hapo zinapunguza mwendo. Nikaelewa kwa nini picha moja ilikuwa inanichukua muda mrefu mpaka wateja wananuna.

Alipofungua kifuniko cha chini nilishtuka. Feni yenyewe haikuwa chafu sana. Uchafu ulikuwa kati ya feni na yale mabati membamba ya kutolea joto, umejibana ukawa kama kipande cha blanketi. Na kwa kweli blanketi lilikuwemo. Usiku huwa napeleka kazi nyumbani, na kwa baridi hii nachapa kitandani, laptopu juu ya blanketi zito. Matundu ya kuvutia hewa yako chini, kwa hiyo nilikuwa nayaziba huku feni inavuta manyoya. Ongeza vumbi la malori, ongeza unga wa mashine ya jirani yangu, maana ukuta wetu ni mmoja. Feni haitengenezi ubaridi. Inasukuma tu hewa ipite kwenye yale mabati iondoke na joto. Ukiziba mlango wa kutokea, inazunguka kwa nguvu zaidi, joto linabaki ndani, na kelele ndiyo unayoisikia.

Alitoa lile tabaka kwa kibano, akapiga brashi, na kila alipopuliza alishika panga za feni kwa kidole. Kuizungusha ovyo na upepo wa blowa, alisema, kunaharibu beringi yake. Halafu akatoa bomba la shaba lililolala juu ya prosesa. Pesti ya kupitisha joto, ile inayopakwa kati ya prosesa na bomba hilo, ilikuwa imekauka na kupasuka kama tope la kiangazi. Akafuta kwa spiriti, akaweka mpya, kidogo kama punje ya mchele, akakaza skrubu kwa kupishanisha, kidogo kidogo.

Matokeo: nyuzi 46 ikiwa imetulia, 78 ikipewa kazi ileile. Sauti siisikii mpaka nisogeze sikio.

Jambo moja nilikuja kulifikiria baadaye. Mbeya iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa karibu asilimia 15. Feni ya huku inalazimika kusukuma hewa nyingi zaidi ili kuondoa joto lilelile. Baridi yetu inasaidia, ndiyo, lakini isitudanganye kwamba kompyuta za nyanda za juu hazihitaji kusafishwa.

Alinionyesha pia kubonyeza Ctrl, Shift na Esc pamoja, nione ni nini kinachoila prosesa. Kivinjari changu kilikuwa na kurasa zaidi ya 30 wazi, fomu za watu wa wiki nzima. Hilo halikuwa la fundi, lilikuwa langu.

Malalamiko ninayo. Tulikubaliana 25,000, mwishoni akaongeza 10,000 ya pesti ambayo hakuitaja mwanzo. Bei siyo mbaya kwa kazi ile, ila mteja anastahili kuambiwa yote kabla kompyuta haijafunguliwa. Risiti hakuna, na dhamana ya wiki mbili ni ya mdomo. Nilikaa kwenye benchi kuanzia saa nne mpaka saa nane, ingawa kwangu kukaa pale na kuona kazi ikifanyika kuna thamani kuliko kuacha mashine na kurudi kesho. Nampa nyota nne kati ya tano.

Sasa ni wiki ya tisa, vumbi la Agosti limeanza. Meza nimeihamisha upande wa pili, mbali na ukuta wa mashine, na nyumbani naweka ubao wa kukatia mboga chini ya laptopu. Asubuhi ya leo nimepima: nyuzi 49. Ikifika 60 ikiwa imetulia, narudi Mwanjelwa.