Hubzilla na Mlango wa Mgeni: Tathmini Kutoka Dunga

Kwa muda wa miezi saba chama chetu cha wachuuzi wa samaki hapa Dunga, Kisumu, kimekuwa kikitumia Hubzilla, programu ya mtandao wa kijamii, kutangaza bei za asubuhi, hali ya gugu maji katika Ghuba ya Winam ya Ziwa Victoria na siku ambazo omena (dagaa wa ziwani) hairuhusiwi kuvuliwa. Kwa kuwa mimi ndiye katibu, ndiye niliyekabidhiwa ufunguo. Programu hii ina mambo mengi kuliko tunavyoyahitaji, nami sitayagusa. Nitaeleza kipengele kimoja tu kilichotufanya tuichague, yaani uwezo wa mtu asiye na akaunti popote kuandika maoni chini ya chapisho letu.

Wateja wetu ni akina mama wa soko la Kibuye na wenye vibanda vya chakula kule Kondele. Simu wanazo, na bando la shilingi chache hununua, lakini hakuna aliye tayari kufungua akaunti nyingine na kukariri nywila nyingine ili aulize tu kama mbuta imefika. Mitandao ya kijamii iliyogatuliwa (neno ambalo sisi Wakenya tumelizoea tangu kaunti zianze mwaka 2013, na maana yake hapa haiko mbali: hakuna makao makuu, kila seva, yaani kompyuta inayohifadhi kurasa za watu, inajitawala na kuzungumza na nyingine) kwa kawaida haimfikirii mteja wa aina hiyo. Katika Mastodon, mmojawapo wa mitandao hiyo, iliyoanzishwa na Eugen Rochko nchini Ujerumani mwaka 2016, mtu yeyote anaweza kusoma chapisho la wazi, ila akitaka kujibu huulizwa akaunti yake iko katika seva gani. Kwa mwenye akaunti hilo ni jambo la sekunde chache. Kwa mama anayepima omena kwa gorogoro huku mteja akimsubiri, ndipo mazungumzo yanapokatikia.

Hubzilla ilitokana na kazi ya Mike Macgirvin, yuleyule aliyeanzisha Friendica, mtandao mwingine wa aina hiyo, mwaka 2010, na inaonekana alilitafakari sana suala la nani aruhusiwe nini. Katika mipangilio ya ruhusa, swali la nani anaweza kutoa maoni lina ngazi nyingi za majibu: mimi peke yangu, niliowaruhusu mmoja mmoja, ninaofahamiana nao, watu wa seva hii, watu wa mtandao huu, yeyote aliyetambulishwa na seva yake, na mwisho kabisa yeyote aliye kwenye intaneti. Tulichagua hiyo ya mwisho. Tangu hapo, mgeni anayefungua chapisho letu hukuta kisanduku cha kuandikia, na juu yake nafasi ya jina, nafasi ya barua pepe, na nafasi ya tovuti ambayo si lazima kuijaza.

Alichoandika hakionekani papo hapo, bali hukaa katika foleni hadi mwenye chapisho akiidhinishe au akifute, na hapa ndipo programu hii iliponikosha. Mgeni hupiga hodi, na hodi si karibu. Zaidi ya hayo, mazungumzo yote chini ya chapisho humrudia aliyelichapisha, naye ndiye anayeyasambaza kwa wengine, tofauti na Mastodon ambako jibu hutoka kwa mwandishi wake moja kwa moja na mwenye chapisho hana uwezo wa kulifuta katika seva za watu. Kwa chama ambacho mkutano wake mmoja unaweza kuvunjika kwa sababu ya kilo mbili za ngege, mamlaka hayo si anasa.

Faida yake niliiona Jumanne moja usiku. Katika foleni kulikuwa na maoni matatu: swali la bei lililoandikwa kwa Kidholuo, tangazo la mikopo ya haraka lenye kiungo kirefu, na ujumbe mfupi uliotiwa jina la mwenyekiti wetu ukisema kwamba mkutano wa Ijumaa umesogezwa na michango ipelekwe kwa namba mpya ya simu. Jina lilikuwa limeandikwa sawasawa, hata ile herufi ya kati ambayo watu wengi huisahau. Nilimpigia mwenyekiti, akashtuka kuliko mimi. Ni lazima ieleweke kwamba mwanachama wa mtandao huja na utambulisho uliotiwa saini ya kidijitali ambayo seva huikagua, ilhali mgeni huja na jina alilojipachika mwenyewe, na hakuna kinachomzuia kujiita nani. Kama maoni yangekuwa yanapita bila kuidhinishwa, watu wangekuwa wametuma pesa kabla sijaamka. Anayefungua mlango huu bila kukaa karibu nao asilaumu fundi.

Nafasi ya barua pepe ndiyo iliyonisumbua zaidi. Ni ya lazima, na wateja wangu wengi hawana anwani hiyo, au waliwahi kufunguliwa moja na muuza simu na hawajui iliishia wapi. Mama mmoja wa Kibuye, mteja wetu wa miaka, alitumia anwani ya mjukuu wake aliye chuoni, kwa hiyo kwa wiki kadhaa niliidhinisha maswali ya omena yaliyoonekana kutoka kwa mwanafunzi wa uhandisi. Fomu yenyewe ilimfungukia kwa Kiingereza. Kadhalika, anwani hizo zikishaandikwa huwa ni taarifa za watu zilizo mikononi mwetu, na Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 haiulizi kama wewe ni kampuni kubwa au katibu wa chama mwenye simu iliyopasuka kioo. Ningependa sana nafasi hiyo iwe ya hiari.

Kuhusu seva tuliyojiunga nayo, ambayo sitaitaja, ilizimika siku mbili mfululizo bila taarifa, tena wakati wa bei nzuri. Wanachama hawakuumia sana, kwa kuwa Hubzilla huruhusu ukurasa mmoja kuwa na nakala hai katika seva nyingine, nami nilikuwa nimeiweka. Wageni ndio waliopotea: wao walikuwa na kiungo kimoja tu nilichowatumia kwa simu, na kiungo hicho kilielekea kwenye seva iliyolala. Siku hizi viungo vyote viwili vimeandikwa kwa rangi kwenye ubao wa mizani, kimoja juu ya kingine.

Baada ya kisa cha mwenyekiti tulibadilisha matumizi yetu. Bei na habari za ziwa hubaki wazi kwa wote, wageni wakiwemo, lakini mambo ya mikutano na michango huchapishwa kwa kikundi cha wanachama pekee, hivyo mgeni hayaoni wala hawezi kuyajibu. Foleni naikagua mara tatu kwa siku: alfajiri mashua zinaporudi, saa saba mchana, na kabla ya kulala. Yule mama wa Kibuye haoni sababu ya kungoja ratiba hiyo. Akishatuma swali lake kwa anwani ya mjukuu, hunipigia simu papo hapo kuuliza kama nimeshamfungulia, nami nikiwa bado sijafungua humtajia bei hapohapo kwenye simu.