Shada la elfu thelathini na tano, siku nane makaburini Kinondoni

Mashada nimenunua mengi, ila karibu yote ni ya siku ya mazishi, wakati ambao hakuna mwenye moyo wa kukagua maua. Hili nimelikagua. Tarehe 1 hadi 8 Novemba, kwa sisi Wakatoliki, anayezuru makaburi na kuwaombea marehemu anaweza kuwapatia roho za toharani (wanaotakaswa baada ya kufa) rehema kamili, yaani kufutiwa adhabu yote ya dhambi iliyobaki, kwa masharti ya kawaida: kuungama, kukomunika, kusali kwa nia ya Baba Mtakatifu. Mwaka 2024 niliazimia kwenda kwenye kaburi la mama kila siku, Kinondoni. Basi shada nililiona likizeeka.

Banda nilikolinunua ni la mama mmoja mtu mzima, turubai na ndoo tano. Nilitaka waridi jekundu tupu. Akanitazama. "Mwanangu, kwa jua hili? Kesho kutwa utakuta vijiti." Akanishauri krisanthemamu nyeupe, waridi machache ya kuridhisha macho. Kilichonivutia ni kazi ya mikono: hatumii sponji ya kuchomekea maua. Anakata kipande cha mgomba, anakichonga bapa, anachomeka mashina moja moja mpaka utomvu unatoka, kisha anafunika kingo kwa majani ya kangaga. Mgomba unashika maji. Hakuna nailoni ya kufunikia, ile inayopika maua kama mvuke wa wali.

Sasa lawama. Niliambiwa saa moja asubuhi, nikalipata saa mbili na nusu, Misa ya Watakatifu Wote ya asubuhi imeshanipita, ikabidi niende ya jioni. Na utepe! Jina la ubatizo la mama liliishia na O badala ya A. Mama yangu akawa mwanamume. Muuzaji alicheka, akaomba radhi, akachokoa kwenye kopo la herufi za dhahabu na kubandika A kwa gundi.

Siku ya pili, kumbukumbu ya Marehemu Wote, jumuiya yetu ilikuja na mishumaa, tukasali rozari, tukamaliza na "Raha ya milele uwape ee Bwana". Shada lilikuwa bichi kabisa. Kaburi la jirani lilikuwa na maua ya plastiki ya mwaka juzi, yamepauka hadi hujui yalikuwa rangi gani. Siku ya tatu waridi likainamisha vichwa, kama nilivyoonywa. Nilikuwa nikinyunyizia maji ya chupa kila asubuhi, sikufanya lingine. Siku ya nane krisanthemamu zilikuwa zimeanza kahawia pembeni, lakini zimesimama.

Nililipa elfu thelathini na tano, na alikuwa akipokea pesa ya simu. Agizeni kabla ya tarehe 30 Oktoba, na mwambieni muda wa mapema kuliko ule mnaoutaka kweli. Ile A ilidondoka siku ya tano. Safari nyingine naagiza bila utepe.