EVE Online: kwa nini mizinga inakosa

Magemu mengi ya vita vya angani niliyocheza, ukishaweka alama juu ya adui basi kazi imeisha. EVE Online, iliyotolewa na kampuni ya CCP ya Iceland mwaka 2003, ni habari nyingine. Humu hulengi kwa mkono. Unamfunga adui kwenye shabaha, mizinga inafyatua yenyewe, na hesabu ndiyo inayoamua kama umempata.

Masafa ni sehemu nyepesi. Kila mzinga una umbali ambao ndani yake hupotezi kitu, halafu ukanda ambamo uhakika unashuka. Tuseme umbali huo ni kilomita 10 na ukanda ni 5. Adui aliyetulia kilomita 15 utampata nusu ya mapigo. Akiwa 20, kama 6 tu katika 100. Bora usogee.

Utamu uko kwenye mwendo. Wageni hukodolea macho mita kwa sekunde, lakini namba hiyo peke yake haikwambii kitu. Kinachohesabiwa ni pembe, yaani mzinga ugeuke upesi kiasi gani ili umfuate. Anayekuzunguka kwa mita 400 kwa sekunde akiwa kilomita 1 ana radiani (kipimo cha pembe) 0.4 kwa sekunde. Kasi ileile kwenye kilomita 20 ni 0.02. Ndiyo maana kijimeli kikishajibana ubavuni mwa manowari, mizinga mikubwa inatapatapa. Udogo wake nao unambeba, maana umbo la mlengwa limo kwenye hesabu hiyohiyo.

Lakini huyohuyo akija moja kwa moja, pembe inakaribia sifuri hata akikimbia vipi, na hapo ndipo pa kummaliza. Mimi nikiwa na mizinga mizito hugeuza meli nikakimbia, ili anifukuze kwa mstari. Akishakaribia sana, namtupia wavu wa kupunguza mwendo. Kwenye orodha ya meli zilizo karibu, ongeza safu ya kasi ya pembe. Kwangu ina faida kuliko mzinga wa bei mbaya.

Wasiopenda haya yote wana makombora, ambayo hayajali pembe. Ila mlengwa mdogo anayekwenda mbio huumia kidogo tu, kwa hiyo hesabu haijakuacha. Anayetaka kushika usukani na kulenga mwenyewe atafute gemu lingine. Mimi sitoki humu.