Kifaa changu cha kusikilizia, kwa wenye masikio kama yangu

Mimi ni fundi cherehani mstaafu wa Ngamiani, Tanga, na usikivu wangu umepungua kwa umri. Wajukuu walikuwa wakinipa shikamoo kwa nyuma, nisiitikie, basi wanasema bibi kanuna. Siku hizi navaa shimesikio, lile la kukaa nyuma ya sikio, lenye kimrija na kipande kilichofinyangwa kwa tundu la sikio langu mwenyewe.

Nalisifu. Uzee huanza kuondoa sauti nyembamba: s, f, sh. Irabu nilikuwa nazisikia vizuri tu, ila mtu akisema "futa" mimi napata "suta". Kunipigia kelele hakusaidii, sikio linauma na neno linabaki vilevile. Kifaa hiki kilipangwa kwa vipimo vya masikio yangu, kwa hiyo kinakuza zaidi zile zilizopotea. Nyumbani, tukiwa wawili watatu, naongea kwa raha, na mawaidha ya redioni nayafuata mpaka mwisho. Siku za mwanzo hata maji ya bomba yatakushtua. Vumilia, ubongo huchukua wiki kadhaa kuzoea.

Soko la Mgandini ndipo kinaposhindwa, kwani kelele zote nazo zinakuzwa. Muuza dagaa akinitazama usoni namwelewa. Akiinama kupima huku anaongea, nimempoteza. Jamani, mkiongea nasi tutazameni! Midomo yenu tunaisoma, kifaa au bila kifaa.

Akina mama, mtandio ukikibana kinapiga mluzi. Mimi naulegeza upande ule.

Betri zangu ni namba 13, zenye kibandiko cha rangi ya chungwa. Ukikibandua hewa inaingia na betri inaanza kuisha hata usipoitumia, basi usibandue mapema. Ila adui mkubwa hapa kwetu ni unyevu. Jasho na joto la pwani huacha matone ndani ya kimrija, sauti inakatika. Dukani hawakuniambia hili, na ilibidi waniambie. Kila usiku natoa betri, nakilaza kifaa ndani ya kopo lenye vipakiti vya kukaushia, kopo nalifunga kabisa.

Kabla ya kununua, daktari akutazame kwanza, huenda ni nta tu imejaa. Na vile vya bei poa vinavyouzwa bila kupimwa siwashauri: vinakuza kila kitu, hata zile sauti ambazo sikio bado linazisikia.