Bima ya mwavuli: uzoefu wangu wa miaka miwili hapa Marietta, Georgia

Nilinunua bima ya mwavuli mwezi wa Machi mwaka juzi, wiki tatu baada ya kifungua mimba wangu kupata leseni ya udereva. Tuko watu watano nyumbani, magari mawili, na nyumba ambayo benki bado inatudai. Kila tukikutana Wakenya hapa Atlanta, kanisani au kwenye matanga, hakosi mtu wa kuuliza kama bima hii ina maana kwa anayeishi kwa mshahara, au ni ya matajiri wenye mabwawa ya kuogelea. Mimi nilidhani ni ya matajiri. Naeleza nilivyobadili mawazo, ninacholipa hasa, na mahali iliponiudhi.

Kwa ambaye hajaisikia: bima ya gari ina kikomo cha kile itakachomlipa mtu uliyemgonga. Georgia inakulazimisha uwe na angalau dola 25,000 kwa kila aliyeumia, 50,000 kwa wote walioumia katika ajali moja, na 25,000 kwa mali iliyoharibika. Kikifika kikomo hicho, kinachobaki ni deni lako. Ni kama nyumbani Kenya, ambako bima ya lazima humlipa aliyeumia hadi shilingi milioni 3, kisha mahakama inamgeukia mwenye gari. Mwavuli hukaa juu ya bima ya gari na ya nyumba, na huanza kulipa pale zenyewe zinapoishia. Huuzwa kwa milioni: dola milioni 1, 2, na kuendelea.

Kilichonisukuma ni kazi yangu. Mimi ni muuguzi, na kwa miaka sita nimehudumia watu walioumia ubongo na uti wa mgongo, wengi wao kwa ajali za barabarani. Nimelisha watu wazima kwa kijiko. Nimemwona baba akijifunza upya kutamka jina la mtoto wake. Dola 25,000 huisha kabla mgonjwa kama huyo hajatoka chumba cha wagonjwa mahututi, na safari yake bado ni ya miezi au miaka. Usiku mmoja nilirudi kutoka zamu, nikatoa karatasi zetu za bima kwenye droo nikazisoma kwa mara ya kwanza tangu tuzisaini. Gari: 25, 50, 25. Nyumba: dhima, yaani kile bima itakachomlipa mtu mwingine tukimdhuru, dola 100,000. Nilikaa pale mezani na nguo zangu za kazi mpaka kukapambazuka. Kijana alikuwa akimaliza saa zake 40 za kuendesha na mzazi kama sheria ya hapa inavyotaka, na mimi ndiye niliyekuwa nikimfundisha kutazama kioo cha pembeni.

Mume wangu hakukubali upesi, na hoja yake si ya kupuuzwa. Alisema, "Mama watoto, sisi tuna nini cha kuchukuliwa? Watu hushtaki wenye mali." Alikuwa na haki kwa sehemu. Akiba yetu ya uzeeni ya kazini inalindwa na sheria ya serikali kuu. Tena ikifika mbali kabisa, mtu anaweza kutangaza kufilisika, na deni la ajali ya kawaida, isiyo ya ulevi, mara nyingi hufutwa.

Lakini Georgia inamruhusu mwenye hukumu ya mahakama kukata hadi robo ya mshahara wako baada ya makato ya kisheria. Robo ya mshahara wangu ndiyo dawa za mama yangu Murang'a na karo ya watoto wawili wa marehemu dada yangu. Halafu mahakama za hapa zina kanuni ya gari la familia: ukinunua gari kwa matumizi ya nyumbani, na mtu wa nyumba yako akaliendesha akamgonga mtu, wewe mwenye gari nawe unawajibika. Kosa ni la kijana, deni ni langu.

Hoja iliyommaliza mume wangu, hata hivyo, haikuwa ya mshahara. Nilimuuliza: tukifilisika deni likafutwa, yule aliyegongwa atatibiwa na nini? Alinyamaza muda mrefu. Nadhani wengi wetu huzungumza juu ya bima hii kana kwamba ni ukuta wa kumzuia mwenzetu asituguse. Mimi niliitaka kwa sababu mtoto wangu akimvunja mtu mgongo, nataka mtu huyo apate pesa za kujifunza kukaa tena. Sijui namna nyingine ya kulala baada ya jambo kama hilo.

Sasa bei, na hapa ndipo matangazo huficha. Mwavuli wenyewe wa milioni 1 ulinigharimu dola 436 kwa mwaka. Bila kijana mwenye leseni niliambiwa ungekuwa 228. Lakini hakuna kampuni iliyokubali kuniuzia bila kwanza kuinua bima zilizo chini yake: gari hadi 250,000 kwa mtu na 500,000 kwa ajali, nyumba hadi 300,000. Kuinua ya gari kuliongeza dola 41 kila mwezi. Ya nyumba iliongezeka dola 22 kwa mwaka mzima, na hiyo kila mwenye nyumba angefaa kuifanya leo hata asiponunua kitu kingine. Jumla ilikuwa dola 950 mwaka wa kwanza, karibu 80 kwa mwezi. Anayekuambia mwavuli ni dola mia mbili anakuambia bei ya paa bila nguzo.

Niliomba bei kwa kampuni tatu. Moja ilinikataa kwa sababu ya trampolini iliyo nyuma ya nyumba. Nyingine ilikubali kwa sharti iwe na wavu pande zote. Tuliiondoa kabisa. Watoto walilia, nami niliumia kuwaona, ila nikikumbuka watoto wangapi wa wageni walirukia pale siku za mikusanyiko, mama zao wakiwa jikoni pamoja nami, sijuti.

Someni mkataba wenyewe, ndugu zangu. Wangu unagharamia pia kesi ya kumchafulia mtu jina, mradi hukusema uongo kwa kukusudia. Kwa jamii yetu hilo si dogo. Tuna vyama, tuna harambee, tuna makundi ya WhatsApp ya watu 200, na neno "mweka hazina amekula pesa" likiandikwa usiku wa hasira haliwezi kufutwa asubuhi. Kampuni pia huweka wakili wa kukutetea, na katika mkataba wangu gharama yake haikatwi kwenye ile milioni.

Yasiyomo ni mengi na yana uzito. Makosa yangu ya kazi ya uuguzi hayamo. Hayo yana bima yake. Biashara haimo, na nawaomba sana wenye nyumba za kulelea wazee, ambao ni wengi miongoni mwetu, wasidhani mwavuli wa familia unawafunika. Kubeba abiria kwa Uber hakumo. Majeraha yangu mwenyewe hayamo pia: nikigongwa na mtu asiye na bima, mwavuli haunipi hata senti, isipokuwa niongeze kipengele cha pekee. Nilikiongeza kwa dola 95 kwa mwaka juu ya yale niliyoyataja, kwa sababu barabara ya I-75 saa ya kutoka kazini imenifunza kutomwamini kila aliye mbele yangu.

Sasa malalamiko. Baada ya miezi saba tulihamisha bima ya gari kwenda kampuni nyingine iliyokuwa nafuu. Aliyetuhudumia kwa simu aliandika 100,000 kwa mtu na 300,000 kwa ajali, nasi hatukuona. Nilimwarifu wakala wangu wa mwavuli kwamba tumehama, akajibu "asante, nimepokea," basi. Kumbe mwavuli ulibaki palepale, wa kuanza kulipa baada ya 250,000. Kama kijana angemuumiza mtu vibaya katika kipindi hicho, dola 150,000 za katikati zingetoka mfukoni mwetu kabla mwavuli haujafunguka. Niligundua baada ya miezi minne, walipotaka nakala ya bima ya gari ili kuhuisha mkataba. Hilo lilinikasirisha sana na bado linanikasirisha, kwa sababu kazi ya wakala ni kutazama shimo ambalo mimi silijui. Tulirekebisha siku hiyohiyo nikabadilisha wakala. Bei ya mwaka wa pili ilipanda hadi dola 519 bila maelezo ya kutosha.

Oktoba iliyopita kijana aligonga gari la mbele yake kwenye taa za Barrett Parkway. Mwendo ulikuwa mdogo. Mama aliyekuwa kwenye gari lile alishuka akiongea vizuri, akamwambia asilie. Wiki tano baadaye ikaja barua ya wakili: shingo inauma, anataka kujua vikomo vya bima zetu zote, na sheria ya Georgia inazitaka kampuni zijibu. Niliarifu zote mbili, ya gari na ya mwavuli. Msiseme na moja tu mkadhani nyingine itasikia. Ya gari ilimaliza jambo lile mwezi wa Februari kwa kiasi kilicho mbali na kikomo chake, mwavuli haukuguswa. Miezi ile sikukosa usingizi kwa ajili ya pesa. Nilimfikiria yule mama. Nilitaka kumpigia simu nimuulize anaendeleaje, kama nyumbani ambavyo ungeenda kumwona na sukari na unga, lakini wakala mpya alinisihi nisifanye hivyo kabla kesi haijafungwa. Ilipofungwa nilimwandikia kadi. Alijibu kwamba anaweza tena kugeuza shingo anaporudi nyuma na gari.

Nikiulizwa nyota, naipa bima yenyewe nne kati ya tano, na wakala wa kwanza moja. Kwa wawili wasio na watoto wanaoendesha, wanaopanga nyumba na hawana akiba, ningesema waanze kwa kuinua bima ya gari, mwavuli uje baadaye. Machi hii nimelipa mwaka wa tatu. Niliuliza bei ya milioni 2, ikawa dola 180 zaidi, nikaiacha kwa sasa. Karo za Murang'a zimepanda. Binti yangu anatimiza miaka 15 mwezi wa Agosti, umri wa kuanza kujifunza gari hapa Georgia, na hapo nitaiuliza tena.