Uzoefu wangu wa simu za intaneti kwa Debian 12: kadi ya sauti, viendeshi vyake na programu ya Linphone

Natumia Debian 12, mfumo endeshi wa familia ya Linux, pamoja na Linphone, programu ya kupiga simu za intaneti, kwa kazi ya ukalimani wa simu, na maoni yangu ni kwamba mfumo huu huria unafaa kabisa kwa simu za intaneti, hata za kazi nzito, mradi mtumiaji akubali kutenga muda mwanzoni wa kuhakikisha kwamba kadi ya sauti imetambuliwa, kiendeshi chake (programu inayouwezesha mfumo kuitumia kadi) kimekamilika, na programu ya simu inasikiliza kipaza sauti kinachostahili. Naeleza kwa kirefu kwa sababu katika kazi yangu sauti ndiyo kazi yenyewe. Mgonjwa aliyetoka Kongo anapomweleza daktari wa Marekani maumivu yake kwa Kiswahili, nami nikiwa katikati yao kwenye laini, sauti ikikatika hata kwa nusu sekunde inatosha kumeza kikanushi, na jibu lenye kikanushi na lisilo nacho si jibu moja.

Kompyuta yangu ni mpakato uliokwishatumika, wenye kichakato cha Intel cha miaka ya karibuni. Tatizo la kwanza lilijitokeza kabla hata ya kupiga simu: kwenye mipangilio ya sauti hapakuwa na spika wala kipaza sauti, bali jina moja tu, "Dummy Output". Hicho si kifaa cha kweli. Seva ya sauti, yaani programu inayosimama kati ya kadi na programu nyingine, hukiweka hapo kushika nafasi pale isipoona kadi yoyote. Watu wengi wakifika hapo hukimbilia kuondoa programu ya simu na kujaribu nyingine, ilhali programu ya simu ndiyo iliyo juu kabisa na haiwezi kupata kile ambacho tabaka la chini halijakitoa. Chini kuna keneli, yaani kiini cha mfumo, yenye viendeshi vya ALSA, mradi ulioanzishwa na Jaroslav Kysela mwaka 1998. Juu yake kuna seva ya sauti, ambayo kwa Debian 12 yenye mazingira ya kazi ya GNOME ni PipeWire. Na juu ya seva ndipo inapokaa Linphone. Nawasihi wenzangu waanze chini wakipanda juu, na wasihamie tabaka jingine kabla ya kujiridhisha na lile walilopo.

Amri ya lspci -k ilinionyesha kwamba kadi ipo na kwamba keneli imeshaipatia kiendeshi, ambacho jina lake lilianza na sof-audio-pci-intel. Kwa hiyo keneli ilikuwa inaiona kadi. Jibu kamili lilikuwa kwenye kumbukumbu za keneli, ambazo husomwa kwa amri ya sudo dmesg | grep -i sof: mstari mmoja ulisema waziwazi kwamba faili la famwea ya SOF (programu ndogo inayopakiwa ndani ya kifaa chenyewe ili kifanye kazi) halipo. Mstari huo una thamani kuliko saa nzima ya kubahatisha, na nashangaa kuona jinsi ushauri mwingi unaotolewa kwa wenye tatizo hili unavyouruka.

Sababu yake inafaa kufahamika. Kwa miaka mingi kadi za sauti zilizomo kwenye kompyuta za Intel zilifuata kiwango cha HD Audio cha mwaka 2004 na kuendeshwa na snd_hda_intel, na kipaza sauti kilipita kwenye kodeki (chipu ya kugeuza sauti) ileile inayopeleka sauti kwenye spika. Mipakato mingi ya siku hizi ina vipaza sauti vya kidijitali ambavyo havipiti kwenye kodeki hiyo; vimeunganishwa moja kwa moja na kichakato kidogo cha sauti kilichomo ndani ya chipu ya Intel, na kichakato hicho hakifanyi lolote mpaka kipakiwe famwea yake kila kompyuta inapowashwa. Famwea hiyo hutolewa na mradi wa Sound Open Firmware, uliotangazwa mwaka 2018, na kwa watumiaji wa Debian imo katika kifurushi kiitwacho firmware-sof-signed, kwenye fungu la non-free-firmware ambalo toleo la 12 ndilo la kwanza kuwa nalo. Aliyepanda kutoka toleo la 11 bila kuongeza fungu hilo kwenye orodha yake ya vyanzo vya vifurushi hatakiona kifurushi hicho hata akikitafuta kwa jina. Nilisakinisha kifurushi, nikazima kompyuta kabisa na kuiwasha, na kadi ikaonekana.

Kuna njia ya mkato ambayo hupendekezwa mara kwa mara, nayo ni kuilazimisha keneli itumie kiendeshi cha zamani kwa kuweka dsp_driver=1 kwenye mipangilio ya moduli ya snd-intel-dspcfg. Njia hiyo huzirudisha spika, na anayetaka kusikiliza muziki tu ataridhika. Kwa simu haifai, kwa kuwa vipaza sauti vya kidijitali hubaki vimefichika na mwenye kompyuta husikia bila kusikika. Naipinga waziwazi kwa yeyote anayekusudia kupiga simu kwa vipaza sauti vya ndani ya mpakato.

Kadi ikishapatikana, amri ya aplay -l huorodhesha vifaa vya kutoa sauti na arecord -l vile vya kunasa. Orodha yangu ya kunasa ilikuwa na kifaa kilichoitwa DMIC, yaani kipaza sauti cha kidijitali, chenye namba 6 kwenye kadi ya kwanza, tofauti na tundu la waya. Nilinasa sekunde tano za sauti yangu moja kwa moja kutoka ALSA, bila kupitia seva, kwa amri ya arecord -D plughw:0,6 -f S16_LE -r 48000 -c 2 -d 5 jaribio.wav, kisha nikazisikiliza kwa aplay. Sauti ilikuwa safi lakini chini sana, na hapo alsamixer ikawa msaada: ukibonyeza F6 unachagua kadi, ukibonyeza F4 unaona mikondo ya kunasa, na safu yenye herufi MM chini yake imezimwa mpaka uibonyeze M. Kipimo cha kunasa kisipandishwe mpaka juu. Nilikiacha kwenye thuluthi mbili, kwa sababu juu ya hapo mvumo wa feni ya kompyuta ulianza kusikika kwenye jaribio.

Juu ya ALSA sikupata shida ya kusumbua, na PipeWire naisifu kwa dhati. Wakumbukao enzi za OSS, mfumo wa sauti uliotangulia ALSA, ambapo programu moja iliposhika /dev/dsp (faili la kuifikia kadi) nyingine zote zilinyimwa kadi, wataelewa ni nafuu gani kuwa na seva inayozigawia programu zote sauti kwa wakati mmoja. Kazi hiyo ilikuwa ikifanywa na PulseAudio, na PipeWire ya Wim Taymans inaipokea bila programu za zamani kutambua mabadiliko. Amri ya pactl info kwenye kompyuta yangu hujibu kwamba seva ni PulseAudio inayoendeshwa juu ya PipeWire 0.3.65. Jambo moja nililazimika kulirekebisha. Msimamizi wake, WirePlumber, hulaza kadi baada ya sekunde tano za kimya ili kuokoa umeme, na kadi inapoamshwa huweza kupoteza mwanzo wa neno la kwanza. Wateja wangu walikuwa wakisikia "...bari za asubuhi". Kuweka session.suspend-timeout-seconds kuwa 0 kwenye faili la mipangilio la WirePlumber kulimaliza jambo hilo, na umeme unaoongezeka kutumika sijauhisi.

Linphone nimeichagua kwa kuwa ni programu huria iliyoanza mwaka 2001, inafuata kiwango cha SIP cha kuunganisha simu za intaneti, na hukuachia uchague wewe mwenyewe kifaa cha kunasa, cha kutoa sauti na cha kulia mlio wa simu inayoingia. Uhuru huo una upande wake mgumu. Katika simu ya majaribio, mwenzangu wa upande wa pili alisema hanisikii mimi bali anajisikia mwenyewe. Nilifungua pavucontrol, programu ya kudhibiti sauti, simu ikiwa bado hewani, kwa sababu ukurasa wake wa kunasa huonyesha programu pale tu inapokuwa inanasa, na hapo ikaonekana kwamba Linphone imepewa chanzo kinachoanza na maneno "Monitor of". Chanzo cha namna hiyo si kipaza sauti. Ni nakala ya kile kinachotoka kwenye spika. Nilikibadilisha palepale nikaweka kipaza sauti cha kidijitali, na PipeWire ikakumbuka chaguo hilo kwa simu zilizofuata. Ukurasa huohuo una mstari unaochezacheza kufuata sauti, nao hutoa hukumu ya haraka: ukicheza unapozungumza na bado upande wa pili hausikii, basi kadi na kiendeshi havina hatia, na kinachotakiwa kuchunguzwa ni ruta na namna inavyopitisha vifurushi vya sauti.

Kuhusu mwangwi, Linphone ina kiondoa mwangwi chake na PipeWire inaweza kupakia moduli ya kazi hiyohiyo. Vitumike kimoja tu. Vikiwashwa vyote viwili, sauti hukwaruza na mwisho wa maneno huliwa. Mimi nimebaki na kile cha Linphone.

Ubora wa sauti hutegemea pia kodeki ambayo pande mbili zimekubaliana; hapa kodeki si chipu bali ni mbinu ya kufunga sauti ili isafirishwe. G.711, ambayo seva nyingi za simu huitanguliza, huchukua sampuli 8,000 kwa sekunde na kutumia kilobiti 64 kwa sekunde, na ndani yake herufi kama f, s na th hukaribiana mno. Opus, iliyosanifishwa mwaka 2012, hubeba sauti pana zaidi hata kwa kilobiti chache kuliko hizo, na kwa intaneti ya kifurushi cha simu tofauti hiyo ni ya fedha pia. Niliipandisha Opus juu ya orodha kwenye mipangilio ya Linphone; pale upande wa pili unapoikubali, uchovu wa masikio baada ya saa nyingi za kazi hupungua sana.

Vipokea sauti vya Bluetooth sivipendekezi kwa kazi hii, na sababu iko kwenye kiwango chenyewe. Bluetooth hufanya kazi kwa wasifu, yaani namna maalumu ya matumizi. Wasifu wa A2DP, wa kusikilizia tu, unatoa sauti nzuri bila kipaza sauti. Simu ikianza, mfumo huhamia wasifu wa simu, ambao kwa kodeki ya CVSD hushuka hadi sampuli 8,000 kwa sekunde na kwa mSBC hufika 16,000. Hata Opus haiwezi kurudisha kilichokwisha kupotea hapo. Kifaa cha USB chenye waya ndicho ninachokishauri, kwa sababu hufuata kiwango cha pamoja cha sauti za USB, huendeshwa na snd-usb-audio iliyomo tayari kwenye keneli, na hakihitaji famwea yoyote. Kichaguliwe kwa jina lake badala ya namba ya kadi, maana namba hubadilika kulingana na kifaa kilichotangulia kutambuliwa kompyuta ilipowaka.

Sasa hufanya zamu nzima za ukalimani kwa mpangilio huu, na baada ya kila sasisho la keneli hurudia jaribio la kunasa la sekunde tano kabla ya kuingia kazini, kwa kuwa kiendeshi ni sehemu ya keneli na hubadilika pamoja nayo. Kwa atakayekwama na kuhitaji msaada wa wengine, kifurushi cha alsa-utils kina amri ya alsa-info, ambayo hukusanya mahali pamoja aina ya kadi, moduli zilizopakiwa, viwango vya alsamixer na ujumbe wa keneli. Iendeshwe kwa --no-upload ili ripoti ibaki kwenye kompyuta yako kwanza, uisome, kisha umtumie anayekusaidia. Mwenye ujuzi akiipata hana haja ya kukuuliza maswali kumi ya utangulizi.