Kuandika maneno tu, au maneno pamoja na muziki?

Anayeandikia tamthilia za muziki ana njia mbili: aandike maneno na kumwachia mwenzake muziki, au abebe vyote.

Ukiandika maneno tu, unapata mtu wa kukukosoa, na hilo ni kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Mtunzi wa muziki Richard Rodgers alipofanya kazi na mwandishi wa maneno Lorenz Hart, kwa kawaida muziki ulitangulia. Aliposhirikiana na mwandishi mwingine, Oscar Hammerstein II, kuanzia tamthilia ya Oklahoma! ya 1943, mambo yakageuka: maneno kwanza. Mtunzi yuleyule, lakini nyimbo zikabadilika sura! Maneno yakitangulia, mhusika huongea kwa pumzi yake mwenyewe. Muziki ukitangulia, mwandishi husaka silabi za kutosha noti, na mara nyingine huko ndiko vina vitamu huzaliwa. Mapato, bila shaka, mnagawana.

Anayebeba vyote, kama Cole Porter au Irving Berlin, hamsubiri mtu. Wimbo ukikwama mazoezini, anahamisha noti moja ili neno lisikike, usiku huohuo. Ila hana wa kumwambia kwamba ubeti wa pili umepwaya.

Stephen Sondheim alipita kote. Katika tamthilia ya West Side Story, 1957, aliandika maneno tu, ingawa alitamani kutunga muziki pia. Mwaka 1962 akaleta vyote viwili Broadway, mtaa wa majumba ya tamthilia jijini New York. Kwa anayeanza, ningesema atafute mwenza kwanza, hata kama piano anaijua vizuri.